Mwezi Mpevu, Maji ya Asubuhi

Mume wangu alitaka mwezi mpevu. Mimi nilitaka maji yawe yamejaa asubuhi. Kwa pwani yetu hii huwezi kuvipata vyote viwili siku moja, na hapo ndipo safari yetu ya Mafia ilipokwama kwanza, kabla hata hatujaanza kuhesabu nauli.

Yeye ni mtu wa Kondoa, mwalimu wa historia, na kwake bahari ni kitu cha kutazama. Mimi nimezaliwa Tanga. Mtoto wa Tanga hujua mambo haya kabla hajajua kusoma: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari huwa bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu, hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Saa zake nazo zinajulikana. Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na tena saa kumi alasiri, kwa hiyo ukitoka nje saa nne ya asubuhi unakuta bahari imekimbia, na kina mama wako huko mbali na vijiti vyao wanachokoa pweza. Maji mafu ni kinyume chake: saa nne hiyo hiyo ya asubuhi bahari iko miguuni pako.

Sababu yangu ya kutaka maji ya asubuhi sikumwambia. Mume wangu alikuwa hajui kuogelea. Tukiwapeleka watoto Coco Beach alikuwa anakunja suruali, anasimama pale mawimbi yanapoishia, ameshika viatu vya familia nzima. Nilimwona anavyotutazama. Mtu mzima, mwalimu, hawezi kujifunza kuelea mbele ya vijana waliojaa ufukweni, baadhi yao wanafunzi wake. Nilitaka mahali ambapo hakuna anayemjua, maji ya kifuani yaliyotulia, asubuhi kabla jua halijawa kali, na mimi peke yangu.

Na kuwa peke yetu ndilo jambo ambalo hatukuwahi kulipata. Tulioana Tanga, kwa bibi yangu, na likizo yake ilikuwa fupi mno, hatukukaa fungate. Bibi aliumia kwa hilo kuliko mimi. Yeye alikuwa wa zamani: siku saba maharusi hawatoki, chakula kinaletwa, somo, yaani kungwi wa bi harusi, yuko karibu na kila linalohitajika, na jirani hapigi hodi hata akiwa na shida. Tulishuka Dar es Salaam na mabegi yetu, tukaanza maisha Mbagala, wakaja watoto, akaja mama mkwe, akaja wifi yangu wa chuo. Nyumba njema, yenye watu wema, na ukuta mwembamba. Mpaka mwaka 2017, mazungumzo yetu ya watu wawili tulikuwa tunayafanyia kwenye daladala.

Mama mkwe ndiye aliyesema, bila kuulizwa, "Nendeni mahali. Watoto nitabaki nao."

Unguja tuliiondoa mapema. Fukwe zake nzuri nazijua, lakini nina shangazi wawili mjini na binamu Mkokotoni. Ukipita Unguja bila kumsalimia shangazi umevunja undugu, na ukimsalimia umeshalala kwake, na mumeo kalazwa barazani na wajomba. Mafia hatukuwa na mtu. Ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, lakini watu wengi wa Dar es Salaam ninaowajua hawajawahi kufika, na upande wake wa kusini mashariki, kwenye ghuba ya Chole, eneo ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, ya kwanza nchini. Hakuna muziki wa usiku kucha wala boti zinazopita kwa fujo mbele yako.

Majira yaliamuliwa kwa kutoa. Machi mpaka Mei ni masika, na hoteli nyingi za huko hufunga. Juni mpaka Septemba kusi inavuma, na safari za mashua ndogo si za kumpeleka mtu anayeogopa maji. Tukabaki na Oktoba kuendelea, na mwalimu hawezi kuondoka mpaka shule zifungwe. Mwanzo wa Desemba, basi: shule zimefungwa, wageni wa Krismasi bado, kaskazi ndiyo kwanza inaanza. Na papa potwe, wale papa wakubwa wenye madoa, wapo Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, maana wao huonekana kuanzia Oktoba mpaka Machi.

Likabaki la mwezi. Yeye: mpevu. Mimi: nusu. Kalenda ilikuwa ukutani, na kila mmoja wetu ameweka alama yake.

Mwenzangu kazini, mzaliwa wa kisiwa cha Jibondo huko huko Mafia, alinipa namba ya baba yake mdogo, nahodha wa Utende, kijiji cha kwenye ghuba ya Chole. Nikampigia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Tanga."

"Mtu wa Tanga unaniuliza mimi habari za maji?"

Nikamweleza tunavyovutana. Hakucheka. Aliuliza tutakaa muda gani, nikamwambia wiki.

"Basi hamna ugomvi hapo. Njooni mwezi umepevuka. Siku za mwanzo nitawapeleka fungu la mchanga katikati ya bahari, maana siku hizo ndipo linapotoka lote nje. Halafu tulieni. Maji yanachelewa karibu saa nzima kila siku. Mkikaribia kuondoka yatakuwa yanajaa jua limeshatoka, saa moja, saa mbili, wewe oga mpaka uchoke. Mumeo atakuwa keshauona mwezi wake."

Nimewahi kusoma ushauri mwingi wa namna ya kupanga mapumziko ya mke na mume visiwani, na karibu wote ni picha za vitanda vilivyomwagiwa maua. Sijaona unaomwambia mtu aanze na mwezi. Lakini mtu anayelipia nyumba ufukweni akakuta bahari imeondoka kila asubuhi, hakuibiwa na yeyote. Amekuja kwa tarehe ya likizo yake, na bahari ina tarehe zake.

Mengine yalikwenda haraka. Ndege ndogo hutoka Dar es Salaam na kufika kwa muda mfupi kama wa kuoga na kuvaa, ila kwa mshahara wetu ilikuwa ama ndege ama nyumba nzuri. Tukachagua nyumba. Tulipanda basi Mbagala Rangi Tatu, tukapita Bungu, tukashuka Nyamisati kwenye mikoko ya Rufiji, tukapanda boti. Jaketi okozi niliziulizia kabla ya kukata tiketi, na ningemshauri kila mtu aulize. Mume wangu alivaa yake tangu gatini mpaka Kilindoni, akawa ananisimulia meli ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta hiyo hiyo tuliyokuwa tunaiacha nyuma, mpaka Waingereza walipoiharibu mwaka 1915 wakitumia Mafia kama kituo chao. Alisimulia bila kupumua. Nilijua anazuia hofu, nikawa namuuliza maswali.

Nyumba yetu ilikuwa Utende, vyumba vichache vya makuti vya mama mmoja mtu mzima, mbali kidogo na hoteli kubwa. Kwenye lango la hifadhi tulilipa ada ya Watanzania, ambayo ni nafuu kuliko ya wageni, tukaambiwa tutunze risiti. Mama yule alitutazama, akatazama mabegi yetu madogo, akauliza, "Watoto mmewaacha na nani?" Nikamwambia kwa bibi yao. Akasema, "Haya, chakula nitakuwa naweka mezani, napiga kofi mara moja, naondoka." Akafanya hivyo hivyo siku zote. Tulikuwa tunasikia kofi, tukitoka tunakuta bakuli limefunikwa na kawa.

Jioni hiyo ya kwanza mwezi ulitoka upande wa mashariki jua likizama nyuma yetu. Mume wangu alikaa mchangani hajasema kitu mpaka nikaleta chai. Akasema kwao Kondoa mwezi wa hivyo ulikuwa unawatoa watoto wote nje, na alikuwa hajacheza chini yake tangu aondoke kwenda kusoma. Tukacheza. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Asubuhi yake nahodha alitaka tuondoke mapema, maana maji yakishapwa mashua yake ingebaki imekaa kwenye matope. Tulivuka ghuba kwa tanga, maji yakitoka pamoja nasi. Fungu lilikuwa linaanza tu kuonekana, mgongo mweupe mwembamba. Tulipolifikia lilikuwa na upana wa kutosha kuweka mikeka, na kadiri tulivyokaa likazidi kukua, mchanga mkavu unaongezeka kila upande, mpaka kwenye saa tano lilikuwa limekuwa kisiwa kizima kisicho na mti, nyumba wala unyayo isipokuwa yetu na ya kaa.

Nahodha na kijana wake walisimika makasia, wakafunga tanga la akiba juu yake tupate kivuli, kwa sababu jua la mahali pale halina mchezo. Wakashusha hotpoti la wali wa nazi, changu wa kuchoma, kachumbari, ndimu, madafu. Kisha nahodha akavuta mashua kwenda upande wa pili.

"Nitakuwa kule. Mgongo nitawapa. Mkinihitaji, pungeni kanga. Saa saba na nusu nakuja hata msiponiita, maana maji hayatamsubiri mtu."

Nikamkumbuka bibi yangu hapo. Yeye alikuwa keshatangulia mbele ya haki, na kwa miaka yote nilidhani fungate niliyoikosa ni siku saba za kufungiwa chumbani. Nikitazama mgongo wa yule mzee, ameelekea baharini na kamba yake ya kuvulia, na nikikumbuka kofi la mama wa Utende, na mama mkwe Mbagala anayewasimulia wajukuu hadithi wasituulizie, niliona kuwa siku saba zile zilikuwa kazi ya watu wengi. Watu wawili hawawezi kujipa faragha wenyewe. Wanapewa, na wanaowapa lazima wajue muda wa kuja na muda wa kugeuka. Nilimwambia mume wangu hayo yote. Akaninyamazia muda, kisha akasema, "Mimi nilidhani bibi yako alinichukia." Tukazungumza mambo ambayo hayakuwahi kupata nafasi kwenye daladala. Tulilia kidogo pia, tukala changu wote.

Saa saba na nusu nahodha alikuja kama alivyosema, na tulipogeuka kutazama, fungu lilikuwa limebaki kipande.

Siku zilizofuata tulivuka kwenda Chole, kisiwa cha kutembea kwa miguu, ambako mume wangu alizunguka magofu ya Wajerumani akanieleza jinsi walivyomlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 mwaka 1890 kwa pwani ya bara pamoja na Mafia, na jinsi baadaye walivyohamishia makao yao Kilindoni. Jioni popo wakubwa wa Chole walitoka mitini kwa mamia. Kijijini nilijifunga kanga mbili, na tulisalimiwa vizuri kila mlango.

Kisha Kilindoni, kwenye papa potwe. Nahodha wa huko alituambia tusimguse na tusimkaribie sana. Nilishuka na miwani. Alipita chini yangu polepole, madoa meupe mgongoni, kinywa wazi akichuja vijidudu vya maji, na aliendelea kupita, mkia ukachelewa kufika. Nilipotoa kichwa nilimwona mume wangu amejishika ukingoni mwa boti kwa mikono miwili, ameinama mpaka jaketi okozi limegusa maji. Usiku huo akaniambia, kabla sijapata namna ya kuanza:

"Nifundishe."

Maji yalikuwa yameshasogea, kama tulivyoambiwa. Saa moja na nusu asubuhi ghuba ilikuwa imejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi, shwari, na ufukweni hapakuwa na mtu. Tuliingia tumeshikana mikono mpaka kifuani kwake. Nikamwambia alale chali, aachie shingo, masikio yaingie majini asiogope, atazame juu. Mkono wangu mmoja chini ya mabega, mwingine chini ya kiuno. Alikuwa mgumu kama mbao. Alikunywa maji, akakohoa, akarudi. Akakunywa tena. Sikumwambia ajitahidi, nilimwambia apumue. Kesho yake tulirudia, na ndipo nilipohisi uzito wake umeniondoka mikononi, nikateremsha mkono mmoja, kisha wa pili, nikaendelea kusimama pale pale alipokuwa amenizoea. Alikaa juu ya maji muda mrefu. Alipojua kwamba simshiki alizama, akasimama, akafuta uso, akasema turudie haraka kabla maji hayajapungua.

Boti ya Nyamisati nayo hufuata maji, kwa hiyo tuliondoka na nguo bado mbichi kwenye mfuko wa plastiki. Gatini Kilindoni alimpigia mama yake simu. Nilikuwa karibu, nasikia pande zote mbili.

"Mama, nimeelea. Baharini, bila kushikwa."

"Mkeo alikuwa wapi?"

"Hapo hapo, mama."

"Haya. Huku watoto wameshakula. Nunueni samaki mje nao."