Ndimu ya unga na fujo la grupu la familia

Juzi shangazi katuma meseji kwenye grupu la familia, zile za kufowadiwa mara mia, ati ukiona E330 kwenye pakiti ya biskuti au chupa ya soda kimbia, kansa tupu hiyo. Na mimi hapa Langoni napika mabuyu ya kuuza, na E330 ndiyo hii hii ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki, ninayopimiwa dukani, kwa hivyo nikaona nimeitwa muuaji mbele ya ukoo mzima.

Nikakaa nikatafuta. Kumbe habari yenyewe ni ya kitambo sana, ilizuka Ufaransa 1976, karatasi ikipitishwa mkono kwa mkono ikidai imetoka hospitali ya kansa ya Villejuif, hospitali ikakana lakini nani alisikiza. Kilichonichekesha ni hiki: mwili wetu unaitengeneza asidi hii wenyewe kila dakika unapogeuza chakula kuwa nguvu, na mzunguko huo unaitwa kwa jina la mwanasayansi Krebs aliyeueleza 1937, sasa Kijerumani krebs ni kansa, na pia ni kaa, yule yule wa kwenye mikoko, na inadhaniwa mtu aliona hilo jina akakimbia nalo. Kaa wa watu kasingiziwa bure.

Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya dunia ya chakula na afya, waliichunguza na hawakuiwekea hata kikomo cha kula kwa siku. Alafu unga wa buyu lenyewe unao asidi hii tangu mtini, mimi nazidisha tu ili ule ukali usizidiwe na sukari na iliki.

Lakini msidhani kuna mtu kakaa mahali anakamua ndimu. Mwaka 1784 mkemia Scheele kule Sweden aliitoa kwenye maji ya limau kweli, na kwa miaka mingi Italia ndiyo iliyokuwa ikiuza, mpaka 1917 mkemia wa Marekani, Currie, akaonyesha kwamba ukungu mweusi, ule ule unaouona kwenye vitunguu vilivyokaa sana, ukilishwa sukari unatoa asidi hii kwa wingi, na 1919 kiwanda cha Pfizer kikaanza kuitengeneza hivyo. Siku hizi karibu yote inatoka kwa ukungu, unalishwa molasi au sukari ya mahindi, alafu asidi inachujwa na kusafishwa mpaka iwe zile chembe nyeupe. Hili la ukungu shangazi sijamwambia, nitamwambia akishakula.

Sisemi haina ubaya wowote. Mtoto wa jirani aliwahi kuulamba unga huu wa ndimu mkavu kiganjani akashinda jioni nzima na ulimi umechubuka, na vumbi lake likikuingia jichoni utalia, osha kwa maji mengi. Meno ndiyo hasa, ukimung'unya vitu vikali kutwa nzima ile ngozi ngumu ya jino inalika na hairudi, bora ule mara moja usukutue maji. Na usipikie sufuria ya alumini, asidi inaila, mimi natumia ya stili.

Nyumbani pia inasaidia, manake maji yetu ya kisima yanaacha gamba jeupe kwenye birika la stima, natia vijiko viwili, maji, nachemsha, naacha nusu saa, linatoka lenyewe. Ndiyo maana viwandani wanaitia kwenye sabuni za kufulia, inashika chokaa ya maji magumu. Ila tafadhalini sana USICHANGANYE na jiki, inatoka gesi ya klorini ya kukata pumzi, na chooni kwetu hakuna hata dirisha.

Nikayaandika yote haya kwenye grupu, kimya. Baada ya Isha shangazi kaleta voisi: nimwekee nusu kilo ya mabuyu, lakini ndimu nipunguze, meno yake yanashika ganzi.