Usiku tepu ya baba ilipogoma

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sisi tuliokuwa na mashine moja katika shirika la umma hapa Dar es Salaam tulielewa mara moja: iliyopo ndiyo hiyo hiyo, na tepu za sumaku za kuhifadhia data zilizoko rafuni ndizo hizo hizo. Usiku ninaousimulia ni wa mwaka uliofuata, mwisho wa mwezi, kazi ya mishahara.

Mashine ilikuwa ya ukoo wa ICL 1900, ya Kiingereza. Kumbukumbu yake ilibeba maneno 16,384, kila neno herufi nne, na herufi zenyewe kubwa tupu. Jumla herufi 65,536. Picha moja ya simu yako leo isingeingia humo. Kwa hiyo kila kitu kiliishi kwenye tepu: programu, majina ya wafanyakazi, mishahara, makato ya NPF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Opareta alikaa mbele ya taipureta iliyounganishwa na mashine. Ukihitaji programu unapiga FI na jina lake, tepu ya programu inazunguka hadi inaipata, kisha unapiga GO. Mashine nayo inakujibu kwa kupiga chapa yenyewe kwenye karatasi ile ile.

Orodha ya wafanyakazi haikufutwa na kuandikwa upya mahali pake. Tepu ya mwezi uliopita ilisomwa pamoja na tepu ya mabadiliko (walioajiriwa, waliopandishwa, waliofariki), na orodha mpya ikaandikwa kwenye tepu ya tatu. Hiyo mpya tuliiita mwana, iliyoizaa, baba, ya nyuma yake, babu. Babu hakulala nasi. Aliwekwa kwenye sefu ya jengo la pili, moto usije ukateketeza ukoo mzima kwa mara moja. Baba hapandishwi kwenye mashine mpaka mkuu wa zamu akague mgongo wa rili, lile gurudumu linalozungushiwa tepu, na kuhakikisha ule mduara wa plastiki umetolewa, kwani bila mduara mashine haiwezi kuandika juu ya tepu, hata ikiamriwa.

Jioni ile tulianza na kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, zenye mabadiliko ya mwezi. Hewa ya Dar ina chumvi na unyevu, na kadi iliyovimba hukwama kwenye mashine ya kuzisoma, kwa hiyo zililazwa chumba cha kiyoyozi tangu mchana. Kupanga mabadiliko kwa namba za wafanyakazi kulikula tepu nne na zaidi ya saa mbili. Saa nne na nusu usiku nikapiga GO ya kuunganisha. Baba akaanza kusomwa, mwana akaanza kuandikwa. Dakika chache tu, umeme ukakatika.

Asiyewahi kuwa kwenye chumba kile hajui kelele zilivyokuwa nyingi mpaka zizimike. Kila mashine ya tepu ilikuwa na mifereji miwili ya wima iliyonyonya hewa, tepu ikilegea humo ili rili zisiivute kwa ghafla. Hewa ilipokufa, breki zikashika rili huku tepu ikiwa bado mbioni. Kwa mwanga wa tochi niliona baba amebana kwenye kichwa cha kusomea, kakazwa kama kamba ya kanyagio.

Umeme ulirudi karibu na saa sita. Tukasubiri chumba kipoe, tukasafisha vichwa kwa spiriti na pamba, tukaanza upya kwa rili nyingine ya mwana. Baba akafika pale pale, akagoma. Mashine ikarudi nyuma, ikajaribu tena, ikarudi, ikajaribu, kisha taipureta ikatangaza kosa. Tukamhamishia mashine nyingine ya tepu. Pale pale. Tepu ilikuwa imevutika.

Programa wa mishahara, yaani mwandishi wa programu ile, alikuwa kaitwa kutoka nyumbani, shati kalifunga vifungo kombo. Akasema turuke fungu lile bovu. "Ni watu wachache, mzee. Orodha iliyochapwa mwezi jana tunayo, wale tutawaandikia kwa mkono."

Mkuu wa zamu hakubisha kwa sauti. "Ndugu, na jumla ya kodi yao tangu mwaka uanze, nayo utaiandika kwa mkono? Utamwambia nini mhasibu hesabu ikikataa?" Kisha akanigeukia: "Kijana wangu, kamlete babu. Na mabadiliko ya mwezi jana."

Kusema kweli nilimwona programa ana hoja. Njia yake ilikuwa fupi, na mishahara ilikuwa ya asubuhi ile. Lakini makosa madogo kwenye orodha ile yalizaliana kila mwezi, na anayeyalipia si programa. Ni mfanyakazi anayezungushwa madirishani akiambiwa kompyuta imesema.

Nikavuka barabara na mlinzi, tukafungua sefu, nikarudi na rili mbili nimezikumbatia. Tukaendesha upya kazi ya mwezi mzima uliokwisha kupita. Ilipoisha, mkuu wa zamu akatoa daftari la zamu na kulinganisha jumla zilizochapwa na zile za mwezi jana: idadi ya wafanyakazi, jumla ya mishahara ya msingi, jumla ya NPF. Alifuata kila tarakimu kwa kucha, hadi senti. Zikakubaliana zote. Programa akaketi sakafuni akaomba chai.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kawaida, ila kwa haraka. Baba mpya, mabadiliko, mwana, kisha printa. Slipu za mwisho zilitoka saa tatu asubuhi, wahasibu wakiwa wameshajazana mlangoni. Tulikuwa tumewakataza kuingia na sigara, nao walikasirika kuliko walivyokasirikia kuchelewa.

Tepu iliyovutika haikutupwa. Nani angetupa tepu wakati ule? Ubovu ulikuwa mwanzoni, basi tukakata kipande kile chote, tukabandika upya kijikaratasi cha kung'aa kinachoionyesha mashine mwanzo wa tepu, tukaiandika FUPI kwa kalamu nyekundu. Ikapelekwa kwa maprograma, ya kujaribia kazi zao. Yule wa mishahara ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisainia.