Barua pepe za kubuni zina wenyewe

Ijumaa, baada ya Isha

Kila nikifungua programu ya kuwekea nafasi za wageni, iwe ya nyumba ndogo ya Paje au hoteli ya Shangani, safu ya barua pepe hunikera: a@a.com, test@test.com, mgeni@mfano.co.tz. Nyingine kaziacha fundi wakati wa majaribio. Nyingine kaziandika mtu wa mapokezi, kwa sababu fomu haikubali nafasi tupu na mgeni hataki kutoa yake.

Wengi hudhani anwani ya kubuni haiendi popote. Inaenda. test.com ina mwenyewe, na jina kama mfano.co.tz likiwa halina mtu leo, kesho yeyote anaweza kulisajili. Akiweka seva ya barua, zitamfikia risiti zote: jina la mgeni, siku za kulala, pengine hata nambari ya pasipoti. Na kama anwani hiyo ndiyo ya akaunti ya msimamizi, atabonyeza "nimesahau neno la siri" na kiungo kitamfuata hukohuko aliko. Hili ndilo linalonitisha zaidi.

Dawa ipo tangu Juni 1999, kwenye waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 2606. example.com, example.net na example.org zilitengwa, haziwezi kusajiliwa na mtu yeyote. Pamoja nazo miisho ya .test, .example, .invalid na .localhost. Waraka huo haukutenga jina lolote chini ya .tz. Kwa hivyo nakala ya data, kabla haijafika kwenye mashine ya majaribio, ipitishiwe amri hii:

UPDATE wageni SET email = CONCAT('mgeni', id, '@example.com');

Hiyo id, yaani nambari ya kila mgeni, usiiache. Safu ikiwa na sharti la UNIQUE, linalokataza thamani kujirudia, anwani ikijirudia tu amri inakataliwa.

example.com imetangaza kwenye DNS, mfumo wa majina ya intaneti, kwamba haipokei barua, kwa hivyo utakazotuma huko zitagonga mwamba. Lakini zikigonga nyingi, huduma ya kutuma barua huanza kukutilia shaka. Amazon SES hukuweka chini ya uangalizi zikifika asilimia 5 ya ulizotuma, na zikifika 10 inaweza kukusimamisha. Hapo hata uthibitisho wa mgeni wa kweli hautoki. Bora majaribio yaelekezwe kwenye Mailpit, programu inayonasa barua za majaribio: SMTP, yaani seva ya kutumia barua, iwe localhost (kompyuta yako mwenyewe), poti 1025, na barua uzisome kwenye kivinjari kwa poti 8025. Hakuna inayotoka nje ya kompyuta, na kazi inaendelea hata intaneti ikikatika.

Mapokezi, nashauri nambari ya simu iwe ya lazima na barua pepe iwe ya hiari. Isipojazwa, hifadhi NULL, yaani alama ya kuwa hakuna thamani, si maandishi matupu. Kwenye MySQL na PostgreSQL, NULL nyingi hukaa pamoja chini ya UNIQUE bila tatizo. Maandishi matupu huhesabika kuwa ni anwani, na mgeni wa pili asiye na barua pepe atakwama kaunta na mabegi yake.