Mwacheni Aulize

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Yohana 19:26-27.

Jumamosi iliyopita tulikwenda akina mama wanne wa jumuiya kumjulia hali dada yetu hapa Mbagala. Wengi mnafahamu: saratani ya mlango wa kizazi. Amehudhuria Ocean Road muda mrefu, mionzi amepigwa, na sasa madaktari wamemweleza wazi kwamba kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Amerudi nyumbani na chupa ya morfini ya maji. Binti yake wa miaka 6 anazijua saa za dawa kuliko sisi wote.

Tulimkuta mkekani, ameegemea ukuta, mtoto kakaa katikati ya magoti yake, anamsuka twende kilioni. Siku hiyo hakuna kati yetu aliyethubutu kuutaja msuko ule kwa jina. Anasuka kidogo, anapumzika, anaendelea. Mtoto, bila kugeuka, akauliza: "Mama, ukifa nani atanisuka?"

Tukamrukia wote. "Usiseme hivyo! Mama atapona kwa jina la Yesu!" Mimi ndiye niliyepaza sauti zaidi.

Dada akainua mkono wenye kitana. "Mwacheni aulize." Akamwita mdogo wake aliyekuwa uani akiosha vyombo, akamkalisha ubavuni, akamwekea kitana mkononi. "Kisogoni mchane taratibu, huku anaumia upesi." Kisha, kwa sauti ileile: "Na akifika miaka 9 ukaulizie chanjo ya ugonjwa huu wangu. Usisahau."

Tangu siku ile niko pale msalabani. Bwana anakata roho, na bado anamtazama mama yake na kumfikiria atakwenda kulala wapi. Alijua atafufuka siku ya tatu, lakini hakumwambia mama asilie. Alimkabidhi kwa mtu. "Tazama, mama yako." Na tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake. Alifanya hivyo akiwa bado anawaona wote wawili.

Uponyaji tunauomba, na nitaendelea kuuomba. Ila nimetambua kwamba Jumamosi ile sikuwa naomba. Nilikuwa namziba mtoto mdomo kwa sababu swali lake liliniogopesha mimi.

Mama mdogo amepanga chumba kimoja Tandika, riziki yake ni maandazi ya asubuhi. Alhamisi tulikaa naye palepale mkekani, dada akisikia, tukahesabu: godoro, sare, madaftari, nauli. Kila mmoja akataja atakachobeba. Dada alifumba macho, nikadhani amelala, kumbe anahesabu pamoja nasi. "Mmesahau viatu," akasema.

Leo mtoto amekuja shule ya Jumapili. Mistari ya nywele imepinda kidogo upande wa kushoto. Mwalimu akamuuliza nani kamsuka.

"Mama mdogo. Mama alikuwa anamwangalia."