Kigomasha: kuipiga picha Usambara kutoka ng'ambo ya bahari

Boti inapokaribia Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba, aliyezoea Unguja huona tofauti kabla hajashuka. Pemba ni vilima mpaka ukingoni mwa maji. Si virefu, lakini ni vingi, vimebanana, na upande wa magharibi bahari imejipenyeza kati yake kwa hori ndefu zilizojaa mikoko. Sababu iko chini ya boti. Mkondo wa Unguja na bara ni wa kina kidogo. Miaka kama 20,000 iliyopita, bahari iliposhuka kwa takriban mita 120, mtu angeweza kutoka bara kwenda Unguja kwa miguu. Mkondo wa Pemba unafika kina cha mita 800 hivi, kwa kuwa ardhi ilipasuka na kudidimia hapo zamani sana, na Pemba ikabaki kisiwa hata wakati ule. Mito yake ilichimba mabonde kufuata bahari iliyokuwa chini, kisha maji yakarudi na kuyafunika. Hori tunazoziona leo ndizo midomo ya mabonde hayo.

Safari yetu ilikuwa ya kwenda Kigomasha, ncha ya kaskazini, kwa hiyo kusini tulipita mbiombio. Jambo moja tu la njiani: vilima vya mikarafuu havipigwi kwa lenzi pana. Lenzi pana huvilaza, na kinachobaki ni anga. Tumia lenzi ya milimita 70 hadi 100, simama juu ya kilima kimoja uelekee cha pili, asubuhi kati ya saa 12:30 na saa 2, jua likiwa ubavuni. Ukungu wa mabonde ya mpunga utatenganisha kilima na kilima. Saa 4 umekwisha, na kijani chote kimekuwa kimoja.

Daladala zinaishia Konde. Mbele yake ni Msitu wa Ngezi, na baada ya msitu njia ya mchanga mpaka kwenye mnara wa taa wa chuma. Wageni wengi wakifika hapa huelekeza kamera kwenye mchanga mweupe. Sisi tulifuata kilicho ng'ambo: Milima ya Usambara.

Hewa ikiwa safi, na hasa mvua ikitoka kunyesha, safu ya Usambara Mashariki huonekana moja kwa moja magharibi, umbali wa kilomita 110 hivi. Dunia ni mviringo, kwa hiyo anayesimama mchangani haoni mlima mzima. Mita 700 hadi 800 za chini zimezama nyuma ya upeo wa bahari, na kilele cha mita 1,500 huonekana nusu tu. Ukipanda mita 30 juu ya maji unajiongezea kama mita 200 za mlima, na ndiyo maana mahali pa juu pana faida kuliko ufukwe.

Sasa kamera. Hiyo nusu inayoonekana ina kimo cha kama robo tatu ya upana wa jua linapozama. Kwenye simu ya kawaida isiyovuta, picha yenye pikseli 3,000 kwa kimo itaupa mlima pikseli 20 hivi. Usijisumbue. Lenzi ya milimita 200 kwenye kamera ya fremu kamili huupa sehemu moja ya 18 ya kimo cha picha, na milimita 400 sehemu moja ya tisa. Hapo umbo linaanza kusomeka: mgongo mrefu karibu ulionyooka, kisha ukingo unaoporomoka ghafla. Mwamba wake ulipikwa kwa joto na mgandamizo ndani kabisa ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Baadaye sana pande la ardhi likanyanyuliwa kufuata nyufa, na ukingo ule mkali ndio alama yake. Usambara Magharibi iko nyuma zaidi, ng'ambo ya Bonde la Lwengera, nalo limetokana na nyufa hizohizo. Siku nzuri huchungulia upande wa kulia kwa rangi hafifu.

Linaloharibu picha hizi mara nyingi ni fokasi. Kamera haipati cha kushika kwenye utusitusi, hivyo inakwenda na kurudi. Zima fokasi ya otomatiki, kuza picha kwenye kioo, ulenge pale mlima unapokutana na anga. Tripodi ni lazima, na upepo wa kusi ukivuma uining'inizie begi katikati. Hifadhi faili ghafi (RAW), maana JPEG huyafuta yale mabadiliko madogo ya rangi. Jioni punguza mwanga stopu moja, yaani nusu, ili mlima ubaki mweusi. Chumvi ikiganda kwenye kioo cha lenzi ilowanishe kwanza kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya bahari. Ukiisugua kavu, inakwaruza.

Kuhusu tarehe, ukiwa Kigomasha jua huzama nyuma ya Usambara Mashariki kuanzia katikati ya Februari hadi karibu mwisho wa Machi, kisha tena kuanzia katikati ya Septemba hadi kuelekea mwisho wa Oktoba. Juni linaangukia upande wa Vanga, pwani ya Kenya, Desemba kusini kidogo ya Tanga mjini. Anayekwenda Juni hapati mlima na jua pamoja.

Hewa ikikataa, geuka uangalie mwamba uliousimamia. Ni matumbawe yaliyokufa yakawa jiwe. Miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilisimama mita kadhaa juu kuliko leo, na miamba mingi ya pwani ya Afrika Mashariki ya namna hii ni ya wakati huo. Ukikaribia kwa sentimita 30 utaona vijumba vya matumbawe vimekatwa wazi, na makombe yamekwama kati yake. Chini, mawimbi na viumbe vinavyotoboa jiwe vimelila mpaka likaacha paa linaloning'inia. Lipige wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Jioni ya bamvua maji bado yako juu. Usiweke tripodi chini ya paa hilo, kwani vipande huanguka bila taarifa. Vaa raba ngumu.

Patana mapema na bodaboda saa ya kukurudisha Konde, kwa sababu jua likishazama Ngezi ni giza na hakuna gari linalopita.