Nanyofoa nywele zangu mwenyewe, na hawa ndo walionishika mkono

Naanza na kope maana ndo zilikuwa za kwanza. Sisi tuliosoma shule za serikali si mnajua, nywele unanyoa mpaka unamaliza form four, kwa hiyo kichwani hakukuwa na cha kushika, vidole vikahamia kwenye kope na nyusi. Niko darasa la sita nasoma, mkono mmoja umeshika daftari, mwingine unapapasa kope unatafuta ile moja iliyo nene kidogo au imekaa vibaya, ukiipata unavuta, unaangalia kile kimzizi cheupe, unakipitisha mdomoni, na kwa sekunde chache kichwa kinatulia kabisa yaani. Halafu unashusha macho unaona zilivyodondokea kwenye daftari. Nyumbani wakajua macho yananisumbua, nikanunuliwa dawa ya macho, nikaitumia.

Shule ilipoisha nikaacha nywele ziote na balaa likahamia utosini. Saluni moja wakaniambia una mapunye, nyingine wakasema rasta zimekuvuta sana pumzika kusuka, na mi nikawa naitikia zote, bora mapunye kuliko kusema nazing'oa mwenyewe.

Sasa watu wa nyumbani, hapa nisiwaonee, wananipenda. Ila msaada wao ulikuwa hivi: mama akiona mkono umepanda ananipiga kofi la mkono, shangazi kaleta mafuta ya upako, baba mdogo yeye ni "si uache tu, kwani nani anakulazimisha?" na kaka yangu kila siku utani wa Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili, eti nitafutiwe basi la Dodoma. Matokeo yake nikahamia chooni. Unafunga mlango, unawasha taa, kioo kipo, hakuna wa kukupiga mkono, utatoka humo saa nzima imepita na sinki limejaa. Nawaambia ukweli, kila aliyenikaripia alinisogeza karibu na kile kioo.

Kitu chenyewe kinaitwa trikotilomania. Na wale mtakaosema haya magonjwa ya TikTok, daktari wa ngozi wa Ufaransa anaitwa Hallopeau alishalipa jina hilo mwaka 1889, TikTok ilikuwa wapi? Mara nyingi linaanza kwenye umri wa kuvunja ungo au kubalehe, na tangu 2013 ule mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani umeliweka kundi moja na OCD, wale wanaorudia kunawa au kukagua mlango. Kuna kunyofoa unakojua, una hasira au wasiwasi na unataka utulie, na kuna kule usikojua, uko kwenye foleni ya Ubungo au unaangalia tamthilia, unakuja kustuka nywele ziko mapajani. Mi nina zote mbili. Ndo maana "acha tu" haifanyi kazi, utaachaje kitu ambacho nusu ya muda hujui kama unakifanya?

Mtu wa kwanza kunisaidia kweli ni msusi. Mama mmoja wa makamo, saluni yake chumba kimoja tu na pazia, alishika kichwa changu akapapasa pale utosini, akaona nywele fupi fupi zinazoota kila moja na urefu wake, hakupaza sauti, aliinama akaniuliza "mdogo wangu, unazitoa wewe?" Nikalia kwenye kiti cha watu. Hakunipa mawaidha. Akasema basi utakuwa unakuja asubuhi kabla wateja hawajajaa, nakufungia pazia, na hatusuki za kubana hapa mpaka paote. Yeye ndo alinisukuma niende hospitali, nikaenda kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa, na kumbe pale watu wanakaa foleni kama kliniki yoyote ile, wana mafaili yao, wengine wanatoka hapo wanaenda kazini.

Mwanasaikolojia alinifundisha njia ambayo wanasaikolojia wawili, Azrin na Nunn, waliitoa mwaka 1973. Kwanza unajijua: ni saa ngapi, uko wapi, mkono unaanzaje safari (wangu unaanza kwa kushika sikio, nilikuwa sijui kabisa!). Pili, ukiusikia unaanza unaupa kazi nyingine, unakunja ngumi kama dakika moja mpaka ile hamu ishuke. Tatu, unachagua mtu wa kukusindikiza, na hii ndo nataka niikazie maana watu wanairuka. Huyo mtu si askari. Kazi yake ni kukusifia mkono ukishuka na kukukumbusha kwa upole ukijisahau, kwa namna ambayo wewe mwenyewe umeichagua.

Wangu ni binamu yangu ninayekaa naye. Tulikubaliana neno "acha" ni marufuku. Akiniona nimeshika sikio ananisogezea ungo wa mchele. Hasemi kitu, anausogeza tu, na vidole vyangu vinavyopenda kutafuta kimoja kilichokaa vibaya vinatafuta vijiwe na chenga. Wageni wanashangaa hii nyumba mchele unachambuliwa saa nne usiku. Kile kibano cha nyusi anakaa nacho yeye, na siku za kufunga hesabu kazini nazungushia plasta kidole gumba na cha shahada, ukigusa unywele haushikiki.

Dawa? Kuna N-asetilisisteini, mwaka 2009 daktari wa akili Jon Grant na wenzake Marekani waliijaribu kwa watu wazima 50 kwa wiki 12, zaidi ya nusu ya walioipata wakaendelea vizuri, ila baadaye ilipojaribiwa kwa watoto haikuzidi kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo usiende duka la dawa ukajinunulia, ongea na daktari.

Sijapona, ieleweke. Mwezi wa kufunga hesabu za mwaka kazini nilirudi chooni. Tofauti ni kwamba niliposema, binamu aliuliza "ilianza saa ngapi?" tukaandika, basi. Na mama nimempa kazi mpya, Jumapili ananipaka mafuta kichwani, masharti hakuna kukagua. Anajitahidi, japo mdomo unamuwasha namuona.

Kama unazimeza na tumbo linauma, unatapika au chakula hakishuki, wahi hospitali na useme wazi kwamba unameza nywele, zinaweza kujikusanya tumboni zikawa donge la kufanyiwa operesheni. Na nyie wanaume mnaong'oa ndevu kwenye vikao, msijifanye hamjasoma, ni hii hii.