Nilivyowazuia nyuki wangu kuhama kiangazi

Kiangazi kimeisha na mizinga yangu mingi bado inavuma. Hapa ni Manyoni, ambako mvua ni msimu mmoja tu, na siku hizi huo mmoja nao unachelewa. Nimefurahi mno, ila bado nina hasira na ushauri niliopewa.

Ushauri wenyewe: "Nyuki wa kwetu hawafugiki, ni wahamaji, tafuta mizinga mingi tu ubahatishe." Mimi sikubali. Nyuki wa Afrika tunayemlaumu ndiye aliyepelekwa Brazil mwaka 1956, makundi kadhaa yakatoroka mwaka uliofuata, na kufikia 1990 kizazi chake kilikuwa kimeingia Texas. Huyo ni mdudu anayejua kupima mahali. Pakimkataa, anaondoka. Na huku kwetu pamemkataa kweli: migunga imekatwa mkaa, maua yanapishana na msimu, visima vidogo vinakauka mapema.

Kundi likihama, usiishie kusikitika. Fungua mzinga uone wameacha nini. Ukikuta masega makavu, hakuna asali wala majana (watoto wa nyuki), ujue ni njaa na walijiandaa: malkia alipunguza kutaga, wakala akiba, wakasubiri majana ya mwisho yatoke, ndipo wakaondoka. Maandalizi hayo huchukua kama wiki tatu, kwa hiyo una muda wa kuwawahi. Vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wakiacha kuingia na chavua miguuni, shtuka. Ukikuta asali na majana vimeachwa, basi walifukuzwa na sisimizi, moshi, joto au mtu.

Sasa sikilizeni habari ya sukari. Mtaalamu mmoja kwenye semina alituambia tuweke maji ya sukari kwenye sahani katikati ya mizinga. Tukanunua sukari, kilo kadhaa, na bei yake mnaijua. Asubuhi sisimizi walikuwa wameshafika. Kufika saa nne, nyuki kutoka porini walikuwa wameimaliza sahani, na wakiwa na uchu huo wakavamia mzinga wangu dhaifu. Niliinama chini yake: nyuki wamelala wawili wawili, wameng'ang'aniana miguu, wengine bado wanazunguka kwa mgongo huku wanakufa. Jioni masega yalikuwa yametafunwa kingo, asali yote imeibwa. Kundi lile likaondoka. Ukitaka kuwalisha, weka chakula ndani ya mzinga, jioni, na uzibe mlango ubaki upenyo mdogo wanaoweza kuulinda.

Kilichoniokoa zaidi ni maji. Mzinga wenye majana hutakiwa kuwa na joto la nyuzi 35 hivi. Jua likizidi, vibarua huleta maji, huyapaka ndani ya masega na kupepea kwa mabawa. Maji yakiwa mbali, nguvu zote zinaishia njiani. Nikaweka beseni la maji safi kivulini, na magunzi ya mahindi yakielea ili wasizame. Hawakuligusa! Walilipita juu juu wakaenda kunywa kwenye matope ya birika la ng'ombe.

Babu mmoja jirani akaniambia, "Mjukuu wangu, maji yako hayana harufu. Atayajuaje?" Nikachota tope la birika lile, nikalimwaga kwenye beseni, nikaongeza chumvi kidogo sana na maji niliyosuuzia masega ya zamani. Kesho yake walikuwa wamejipanga juu ya magunzi, ulimi umezama kwenye unyevu, tumbo linapanda na kushuka kama mvukuto. Nilisimama pale nikichekelea mpaka mke wangu akaja kuniita. Beseni lisikauke hata siku moja, wakishazoea kwingine kuwarudisha ni kazi.

Mizinga nimeining'iniza kwa waya uliopakwa grisi. Sisimizi hawavuki, na nyegere hupata tabu mzinga unaponesa. Mzinga uliofunikwa bati bila nyasi juu yake ni tanuri, msidanganyike.

Asali ya mwisho kabla ya kiangazi siivuni. Najua inauma, hasa karo za shule zikikaribia, lakini ndiyo chakula chao mpaka miti ya mitundu ichanue. Masega yenye majana usiguse kabisa. Na mzinga uliobaki mtupu usafishe kabla nondo wa nta hawajauharibu, upake nta na mchaichai, uuache: makundi yanayopita huja yenyewe.

Jambo ambalo bado nahangaika nalo ni dawa kwenye alizeti. Nimeongea na majirani wapulizie jioni, nyuki wakisharudi, na ua likiwa wazi wasipulizie kabisa. Wengi wamekubali, kwa sababu alizeti inayotembelewa na nyuki hujaza mbegu vizuri na wao wanaipima kwa magunia. Ambaye hajakubali nitamfuata tena kabla ya kupanda.